Mgeni Asiyeita Mtu

Haya aliniambia mjukuu wangu mwenyewe, mwaka ule aliporudi, akinisuka nywele barazani. Nilikuwa nimempa kisogo. Hakuniona uso, nami sikumwona wake, na nadhani ndiyo maana aliweza kuyasema. Alirudi kwa heri au alirudishwa, hilo msiniharakishe. Yeye mwenyewe alikuwa akifika mahali pagumu anafumua mstari na kuanza upya, na kichwa kilikuwa changu.

Wiki iliyopita tulimwacha ngazini, mguu mmoja hewani, katika nchi ya watu. Waliopitwa nawakumbusha kidogo. Binti huyu alipelekwa ng'ambo kwa mwaka mmoja, kwa ule mpango wa shule kubadilishana wanafunzi. Akapokewa na mama mmoja fundi miwani, mtu wa makamo, anayeishi peke yake ghorofani, na karakana yake iko chini. Siku hiyo binti alikuwa anashuka kunywa maji, akamsikia fundi miwani anaongea na simu kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Mchukueni," alikuwa anasema. "Nimejaribu. Siwezi tena kuishi na mtu asiyeniita."

Ndipo ngazi ikalia chini ya mguu wake.

Huko chini simu ikawekwa. Kisha fundi miwani akaita jina la binti, kama alivyokuwa akiita kila siku, na binti akaitika kwa mazoea.

"Abee."

Wa chini hakupanda, wa juu hakushuka. Mashine ya kusagia vioo ikawashwa, ikanguruma, na ngurumo hiyo ikawa ndiyo jibu.

Binti akarudi chumbani akakaa kitandani, mikono mapajani kama mtu aliyefika matangani. Alikuwa amesikia ya kutosha. Msimamizi wa wanafunzi wageni angekuja alasiri hiyo hiyo.

Msimamizi huyu alikuwa mama mwenye haraka, funguo za gari haziondoki mkononi hata akiwa amekaa anakunywa chai. Tangu mwanzo alishawaeleza: mwanafunzi akikataliwa na nyumba, na nyumba nyingine ikakosekana, anapanda ndege. Na nyumba nyingine haikuwepo. Waliotaka mgeni walishapata mgeni.

Na kurudi si kurudi tu. Huku kwetu mwalimu mkuu alimshika bega mbele ya shule nzima, akasema huyu ndiye wa kwanza, akirudishwa kwa utovu wa adabu wale watu hawatachukua mwingine kutoka kwetu. Wa mwakani alikuwa ameshachaguliwa. Wa mwakani ni mdogo wake wa kumfuata, tumbo moja, ambaye alishaanza kulala na kamusi chini ya mto.

Utovu wa adabu. Hilo ndilo lililomkaa kooni, maana kilichomponza ni adabu yenyewe.

Sikilizeni ilivyoanza. Siku ya kwanza fundi miwani alimpokea vizuri, akambebea sanduku, akamwonyesha kitanda alichomtandikia kwa mikono yake. Kisha akamwambia, niite jina langu tu, humu hakuna mabibi wala mabwana.

Sasa ninyi mnaonisoma, semeni kweli. Mtu wa rika la mama yako, amekupokea, amekulisha, umwite jina lake tupu kama unamwita mwenzio wa kuruka naye kamba? Mama mkwe wangu yuko kaburini miaka na miaka, na jina lake mpaka leo nalisema kwa kunong'ona.

Binti akajaribu Mama. Fundi miwani akatabasamu, akamshika mkono. Akamwambia, mama unaye kwenu, hiyo nafasi usimpe mtu mwingine. Alisema kwa wema, sina shaka. Lakini mwenzake aliusikia mlango ukifungwa.

Akajaribu Bibi. Yule akajitazama kwenye kioo cha wateja, akauliza kama amezeeka usiku kucha. Akajaribu Shangazi. Akaulizwa, kwani mimi dada wa baba yako?

Basi likabaki jina tupu, na jina tupu ulimi uliligomea. Alikwenda kulifanyia mazoezi bafuni, amefungulia maji asisikike. Akaona haya mbele ya uso wake mwenyewe, akafunga maji, akatoka.

Tangu hapo hakumwita kabisa. Akitaka kitu anakwenda kusimama mlangoni, anangoja mpaka macho yakutane. Hakohoi, hagongi. Fundi miwani alikuwa akigeuka tu anamkuta pale, anashtuka, vioo vinamponyoka. Akawa anawaambia wateja kwamba ameletewa mgeni anayetembea kama paka na kutazama kama askari.

Naye mwenyewe, kuita kwake ndiko kusalimia. Akirudi dukani anasimama chini anaita jina la binti. Binti anatupa kalamu, "Abee," anashuka mbio, anasimama mbele yake akingoja kutumwa.

"Sikukuita uje. Nilikuwa nasema nimefika tu."

Anapanda tena. Kesho yake hivyo hivyo.

Siku moja alimuuliza hilo neno lake ni nini, maana yeye analisikia kama mwanambuzi anayemtafuta mama yake. Binti akaeleza. Ni mtoto anapomwitikia mkubwa. Ni kusema nimekusikia na ninakuja, hata kabla sijajua unaniitia nini.

"Kwa hiyo mimi siwezi kuitika hivyo."

"Huwezi," akasema binti. "Wewe ni mkubwa."

Wakacheka wote wawili. Mjukuu wangu aliniambia kicheko hicho alikitumia muda mrefu, akikitoa kidogo kidogo kama sabuni ya mwisho.

Na kulikuwa na jambo moja jingine. Jioni, kabla ya kula, fundi miwani alikuwa anavua miwani yake na kumpa aifute. Alimfundisha mwenyewe: ishike kwa mikono yake miwili ya pembeni, kidole kisiguse kioo, tumia kitambaa laini, upindo wa gauni ni mwiko. Bila miwani alikuwa haoni ng'o. "Nikiivua," alisema, "hata wewe ni nguo iliyoanikwa."

Hayo mawili ndiyo aliyokuwa nayo siku ile kitandani. Kicheko kimoja na kitambaa.

Akanawa uso. Akaamua kushuka kumweleza yote kabla msimamizi hajafika: kwamba kutomwita si dharau, ni kinyume chake. Ngazini aliyapanga maneno kwa lugha ya watu, akayapangua, akayapanga tena. Alikuwa na maelezo yote. Alichokosa ni neno la kuanzia.

Karakana ilikuwa ndefu na nyembamba. Fundi miwani alikuwa kwenye stuli, amempa mgongo, ameinamia mashine, maji ya kupoza kioo yanarukaruka mpaka kwenye aproni. Mbele yake meza, na juu ya meza kile kioo cha wateja cha kujitazamia. Juu ya kichwa chake, ukutani, rafu ya mbao imebeba trei za vioo vya miwani, trei juu ya trei, nzito kama mawe ya kusagia.

Ukuta ule ulikuwa na unyevu. Asubuhi kadhaa binti alikuwa akifagia unga mweupe chini ya rafu bila kuuliza unatoka wapi. Angemuuliza nani, na angeanza kwa kumwitaje?

Akasimama mlangoni kama kawaida yake. Akangoja macho yakutane.

Skrubu ikadondoka juu ya meza, ikaviringika.

Akatazama juu. Rafu ilikuwa imeachana na ukuta upande mmoja, na mtikisiko wa mashine ulikuwa unaivuta taratibu. Trei ya juu ikaanza kuteleza.

Akafungua mdomo. Amwite nani?

Jina likagoma. Mama alikatazwa. Bibi, Shangazi, yote yalisharudishwa. Mtasema si angepiga yowe tu. Nami nilimwambia hivyo, nikageuza shingo, akanirudisha kichwa nitulie. "Bibi," akasema, "mdomo ulikuwa wazi. Koo lilikuwa linangoja jina."

Alipoona halitoki akaruka. Akamkamata ukosi wa aproni kwa mikono yote miwili, akamvuta nyuma kwa nguvu zake zote.

Stuli ikapinduka. Wakaanguka wote sakafuni, na rafu ikashuka pale pale kichwa kilipokuwa. Vioo vikamwagika kama mvua ya mawe. Mashine ikatafuna vipande, ikakohoa, ikazima.

Akadhani wamepona. Kisha akaona mkono wa fundi miwani, ule wa kulia, wa kazi. Alikuwa ameuangukia. Kiganja kilikuwa kimeelekea upande ambao kiganja hakielekei.

Mama wa watu hakulia. Aliitazama meza, akaitazama rafu, halafu akamtazama binti. Mtu aliyeokolewa hatazami hivyo.

"Nilikuona kwenye kioo," akasema polepole. "Ulikuwa umesimama, unatazama. Nikasema ndiyo kawaida yake, nikaendelea na kazi."

Binti akajiinua kwa mikono juu ya vile vioo.

"Uliona inaanguka. Kwa nini hukuniita?"

Mlangoni funguo zikalia. Msimamizi alikuwa ameingia. Hakuona rafu ikianguka, wala hakuona mtu akivutwa. Alilosikia ni swali hilo, na jinsi lilivyokosa jibu.

Hospitalini walimpitisha fundi miwani mbio, binti na msimamizi wakabaki kwenye benchi la ukumbini. Muuguzi mmoja alimtoa binti vipande vya kioo mkononi kwa kikoleo, akampaka dawa, akamwambia ana bahati. Bahati. Alikuwa anatazama mlango uliomeza mtu.

Msimamizi alipiga simu ofisini mbele yake, hakuficha. Tiketi ya kesho asubuhi. Wakitoka hapa wanakwenda kufunga sanduku.

Binti akauliza kama hakuna njia. Msimamizi akapumua. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye magari mengi ya kuendesha kwa siku moja. Njia iko moja, akasema. Mwenye nyumba aseme mwenyewe kwamba bado anamtaka, na aseme leo, ofisi haijafungwa. Ofisi ikifunga, tiketi ni tiketi.

"Naye yuko humo ndani mfupa umeachana," akasema. "Sidhani kama anakuwazia mema."

Hapo ndipo binti alipolia. Na katika kulia maneno yakatoka, kwa lugha ya watu, yamevunjikavunjika, lakini yakatoka. Akaeleza habari ya jina tupu. Akaeleza Mama ilivyorudishwa, na Bibi, na Shangazi. Akaeleza mazoezi ya bafuni. Akaeleza kusimama mlangoni: kwamba kwao hupaazi sauti kwa mkubwa wako, unangoja akuone.

Funguo zikanyamaza. Kwa mara ya kwanza mama yule aliziweka pajani.

"Kwa hiyo ulikuwa unamheshimu."

"Ndiyo."

"Kwa kutomwita kabisa."

Mjukuu wangu aliniambia, Bibi, ikisemwa vile inasikika kama wazimu. Nikamwambia asuke.

Msimamizi akatikisa kichwa. Akasema hayo yote hakupaswa kumwambia yeye, alipaswa kumwambia mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Binti akajibu kwamba kila siku alikuwa anakwenda kumwambia, anasimama pale, na hapati pa kuanzia. Msimamizi akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakwenda tu.

Mlango ukafunguka, akatoka yule muuguzi aliyemtoa vioo, amenuna nusu na kucheka nusu. Mkononi ameshika miwani, kidole gumba katikati ya kioo.

"Mgonjwa wenu ana maneno huyo," akasema. "Mkono umevunjika, lakini nimemvua miwani kanigombeza ninavyoishika. Anasema hampi mtu yeyote isipokuwa yule binti asiyesema. Ndiye nani?"

Msimamizi akageuka. Alimtazama tu mwenzake.

Muuguzi akamgeukia binti. "Ni wewe? Na yeye ni nani wako?"

Swali lile lile, limekuja kwa mlango mwingine. Binti akainuka. Akapokea miwani kwa mikono yake miwili ya pembeni, akatoa kitambaa laini mfukoni, akafuta alama ya kidole.

"Ndiye," muuguzi akasema. "Haya ingia upesi. Sindano ya usingizi imeshaingia, wanataka kumuunga mfupa. Ukimaliza kumeza mate atakuwa amelala."

Msimamizi naye akainuka, akamfuata mpaka kizingitini. Akamwambia kwa sauti ya chini, na safari hii ilikuwa sauti ya kumwombea, kwamba neno moja linatosha. Aseme anakutaka au hakutaki. Lakini lazima nilisikie kwa masikio yangu.

Binti akaingia.

Chumba kilikuwa cheupe, kidogo, kinanuka dawa. Fundi miwani alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, shuka mpaka kifuani, ule mkono umefungwa na kulazwa juu ya mto kama mtoto wa mtu. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo, na macho yalikuwa yanazunguka kwenye dari kutafuta pa kushika.

Binti akasimama miguuni pa kitanda. Akashika miwani vizuri, ionekane imeshikwa vizuri. Akangoja macho yakutane.

Macho yakaja. Yakampita, yakaenda ukutani, yakarudi, yakampita tena.

Nguo iliyoanikwa.

"Kuna mtu?" fundi miwani akauliza. Maneno yalikuwa yameanza kulegea.

Binti akasogea hatua. Akangoja. Ndiyo aliyoyajua tangu aingie nyumba ile, kusogea na kungoja.

"Nani hapo? Muuguzi?"

Kope zikashuka, zikapanda kwa taabu, zikashuka. Mlangoni msimamizi alikuwa amekaza macho. Na hapo mjukuu wangu akaelewa kitu ambacho mimi, na uzee wangu wote, nisingeweza kumfundisha nikiwa huku. Mbele ya mtu asiyekuona, kusimama kimya siyo heshima. Ni kutokuwepo.

Jina likapanda mpaka kwenye meno. Likarudi.

"Mama," akasema.

Ilitoka ndogo, karibu na pumzi. Fundi miwani hakutikisika.

Nafasi hiyo alishaambiwa asimpe mtu mwingine. Alilikumbuka hilo. Na mama yake mzazi alikuwa huku, anashona, hajui lolote. Akajisemea, mama yangu atanisamehe, yeye ndiye aliyenifundisha kuita.

Akavuta pumzi, akaita kama sisi tunavyoita mtu aliye upande wa pili wa shamba.

"Mama."

Muuguzi akageuka. Mtu akachungulia kutoka chumba cha jirani. Zile kope zilizokuwa zinashuka zikasimama katikati. Macho yakaja upande wa sauti, na ingawa hayakuwa yanaona kitu, mara hii hayakupita. Yalibaki pale.

Midomo ikafunguka. Ulimi ulikuwa mzito, ukatafuta njia muda mrefu, na neno lilipotoka lilitoka limepinda, kama linavyotoka kwa mtu ambaye hajawahi kulisema.

"Abee."

Mjukuu wangu alipofika hapo aliacha kusuka. Mikono ilibaki kichwani mwangu, haiendi mbele wala nyuma. Nami nikamngoja.

Msimamizi alikuwa ameshaingia mpaka katikati ya chumba, simu sikioni, ofisi iko upande wa pili inamsubiri. "Amesema nini?" akauliza. "Anakutaka au hakutaki?"

"Ameitika," binti akasema.

"Kuitika siyo jibu. Hawa nawaambia nini? Muulize tena, aseme wazi, nisikie."

Binti akainama mpaka kwenye sikio. Miwani alikuwa bado ameishika vizuri, kidole hakigusi kioo.

"Mama," akaita, bila kutafuta neno safari hii. "Waambie nibaki."

Fundi miwani alikuwa ameshalala.